Nani Mjinga, Nani Mwerevu? Ufasiri wa Riwaya ya Kufikirika kwa Watahiniwa wa Kidato cha Sita Mkoani Singida

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna riwaya ya Kufikirika ya Shaaban Robert inavyoweza kufasiriwa na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, kwa kuzingatia hali ya lugha katika mkoa wa Singida. Hoja kuu ni kwamba maana ya riwaya hii imo ndani ya umbo lake: katika majina, katika urudiaji wa matukio na katika kejeli. Usomaji unaoanza na orodha ya dhamira huipita maana hiyo, ilhali usomaji unaoanza na lugha humpa mtahiniwa uelewa wa kazi na pia hoja za kujibia maswali asiyoyatarajia.

Utangulizi

Shaaban Robert (1909–1962) aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940, wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Hata hivyo, riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1967, baada ya kifo chake. Mwaka huohuo nchi ilitangaza Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo, kitabu kilichotungwa katika zama za ukoloni kilianza kusomwa na jamii iliyokuwa ikijiuliza upya elimu ni nini na ni ya nani. Kwa miaka mingi sasa kimekuwa miongoni mwa riwaya teule za somo la Kiswahili katika kidato cha tano na cha sita.

Mtihani wa kumaliza kidato cha sita husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Katika somo la Kiswahili, karatasi ya pili ndiyo inayopima fasihi. Mara nyingi swali la riwaya humtaka mtahiniwa athibitishe kauli fulani kwa kutumia riwaya mbili alizosoma, huku akitoa idadi maalumu ya hoja kutoka katika kila riwaya. Muundo huo wa swali umezaa mtindo wake wa usomaji. Mwanafunzi huandaa jedwali lenye dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mtindo na mandhari, kisha hulikariri. Palipo na nakala chache za kitabu, kitini hushika nafasi ya riwaya yenyewe, na baadhi ya watahiniwa huingia katika chumba cha mtihani wakiwa hawajasoma hata sura moja kwa ukamilifu.

Jedwali hilo si kosa kwa asili yake. Istilahi za fani na maudhui zilijengwa na wahakiki wa Afrika Mashariki ili kumpa mwanafunzi zana za kueleza anachokisoma, na vitabu kama Fasihi cha F.E.M.K. Senkoro (1982) vilisaidia kuzieneza. Mfano wa sarafu yenye pande mbili, unaotumika sana darasani, husisitiza kwamba fani na maudhui havitenganishwi. Tatizo huzuka pale jedwali linapovitenganisha: maudhui huandikwa upande mmoja, fani upande wa pili, na hakuna anayeuliza upande mmoja unaufanyia nini mwingine.

Msomaji wa Singida na lugha ya riwaya

Mkoa wa Singida ni makutano ya lugha za jamii tofauti. Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ni lugha za Kibantu, kama kilivyo Kigogo kinachozungumzwa upande wa Manyoni. Kitaturu ni lugha ya Kiniloti. Kihadza, ambacho wazungumzaji wake wanapatikana pia katika wilaya ya Mkalama, hakijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwa wanafunzi wengi wa vijijini, Kiswahili ni lugha ya pili waliyoimudu kupitia shule ya msingi. Wakifika sekondari, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hubaki kuwa somo lenye vipindi vyake katika ratiba.

Kiswahili cha Shaaban Robert, kwa upande mwingine, ni cha pwani ya Tanga na cha nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kina msamiati mwingi wenye asili ya Kiarabu, sentensi ndefu zenye mizani ya hotuba, na mazoea ya kufunga wazo kwa kauli yenye sura ya methali. Umbali kati ya lugha hiyo na ya mwanafunzi wa Iramba au Ikungi ni wa kweli. Kuuficha umbali huo kwa muhtasari hakumsaidii mwanafunzi, kwa sababu muhtasari huondoa kilekile anachopaswa kukifasiri. Njia yenye manufaa ni kuufanya umbali huo kuwa hatua ya kwanza ya usomaji.

Jina kama mlango wa maana

Hatua hiyo inaweza kuanzia kwenye jalada. Neno kufikirika linatokana na kitenzi fikiri na kiambishi cha kauli ya kutendeka, -ik-. Kauli hii hubeba maana mbili. Kwanza, hueleza uwezekano: jambo linaloweza kufikiriwa. Pili, hueleza hali: jambo ambalo limekwisha kuwa katika fikra. Nchi ya Kufikirika ni nchi ya kubuni, lakini jina lake linamwalika msomaji aifikirie, yaani ailinganishe na nchi anayoijua. Istiara ya riwaya nzima imo katika kiambishi kimoja. Kiambishi hicho kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, hivyo mzungumzaji wa Kinyaturu au Kinyiramba anaweza kuulizwa atafute katika lugha yake vitenzi vyenye umbo na maana ya namna hiyo. Kwa mzungumzaji wa Kitaturu au Kihadza njia hiyo haipo, na mwalimu hana budi kutumia mifano ya Kiswahili chenyewe: somika, lika, vunjika.

Jina la mhusika Utubusara Ujingahasara linafaa kuchambuliwa vivyo hivyo. Limeundwa kwa maneno manne: utu, busara, ujinga na hasara. Maneno utu na ujinga yana mizizi ya Kibantu, na utu umetokana na shina -ntu linalopatikana pia katika lugha za Kibantu za Singida. Busara na hasara zimetoka katika Kiarabu. Yakipangwa pamoja bila kitenzi kishirikishi, maneno hayo huwa sentensi mbili zinazolingana: utu ni busara, ujinga ni hasara. Jina, basi, ni hoja kamili, na limepewa mhusika ambaye habari zake zinafungamana na elimu. Mwanafunzi aliyeona hivyo ameona pia jambo ambalo jedwali halimwambii. Katika jina hilo busara imeambatanishwa na utu, si na cheo wala nasaba.

Urudiaji na kejeli

Kisa cha Kufikirika kinaanza na upungufu: mfalme hana mrithi. Wataalamu wa uganga wa namna mbalimbali huitwa kwa zamu, na kundi moja likishindwa huja jingine. Baadaye mtoto huzaliwa, suala la elimu yake huibuka, kisha maradhi humpata. Sharti lililopo ni kwamba ili apone, mjinga mmoja na mwerevu mmoja watolewe kafara.

Mtahiniwa aliyezoea orodha huandika hapa kwamba dhamira ni “imani za kishirikina” na kwamba mwandishi anazikemea. Jibu hilo si la uongo, lakini linaishia mlangoni. Urudiaji wa majaribio ya waganga ni muundo anaoufahamu kila aliyewahi kusikiliza ngano: la kwanza halifui dafu, la pili vivyo hivyo, na msikilizaji hungoja litakalovunja mfululizo. Muundo huo hujenga matarajio na pia huleta shaka, kwani kadiri utaalamu unavyoongezeka bila tija, ndivyo msomaji anavyoanza kuhoji utaalamu hupimwa kwa kigezo gani na nani mwenye mamlaka ya kuupima.

Shaka hiyo hufikia kilele katika sharti la kafara. Ili agizo litekelezwe, lazima kwanza apatikane mtu wa kusema nani mjinga na nani mwerevu. Dola inajitwalia kazi ya kuwaainisha raia kwa akili zao, kisha inageuza uainishaji huo kuwa hukumu ya kifo. Kejeli iliyopo ni ya pande mbili. Kumuua mwerevu ni kuiangamiza hazina ambayo nchi imekuwa ikiitafuta. Kumuua mjinga ni kumwadhibu mtu kwa kukosa kitu ambacho nchi ilipaswa kumpa. Ushirikina ni sehemu tu ya mambo yanayohojiwa. Linalohojiwa zaidi ni mamlaka yanayodai kuujua thamani ya mtu. Swali hilo lilikuwa na uzito chini ya utawala wa kikoloni, na halijapungua uzito kwa msomaji anayeketi katika mtihani ambao matokeo yake yatampanga katika daraja.

Kutoka ufasiri hadi jibu

Manufaa ya usomaji huu yanaweza kupimwa kwa swali la kubuni: “Wahusika ni chombo cha kuwasilisha dhamira. Thibitisha.” Jibu la kukariri lingemtaja mfalme, likasema ni kiongozi anayeamini waganga, kisha likahitimisha kwamba viongozi wa aina hiyo wapo katika jamii. Jibu lililotokana na ufasiri lingesema kwamba mfalme amechorwa kama mwenye mamlaka asiye na kigezo cha kupimia maarifa. Lingetaja mfululizo wa waganga kuwa ushahidi. Kisha lingeonesha kwamba sharti la kafara ni matokeo ya upungufu huohuo. Majibu yote mawili yanamhusu mhusika yuleyule, ila la pili lina hoja, ushahidi na uhusiano kati ya hivyo viwili. Tena, ushahidi huohuo unaweza kutumika swali likibadilika na kuuliza kuhusu muundo, kejeli, elimu au uongozi. Mwenye orodha huhitaji orodha mpya kwa kila swali.

Darasani, utaratibu wa hatua tatu unatosha. Kwanza, sura isomwe kwa sauti na kwa kupokezana, jambo linalowezekana hata panapokuwa na nakala chache, na maneno magumu yafafanuliwe papo hapo. Pili, wanafunzi waulizwe nani anasema, kwa nani, na kama masimulizi yanaiunga mkono kauli hiyo au yanaikejeli. Swali hili huzuia kosa la kuyafanya maneno ya kila mhusika kuwa msimamo wa Shaaban Robert. Tatu, ndipo jedwali la fani na maudhui lijazwe, kwa sharti kwamba kila dhamira iandikwe pamoja na kipengele cha fani kilichoizaa. Dhamira isiyopata mwenzake irudishwe kwenye matini ikatafutiwe ushahidi.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba maandalizi ya mtihani na ufasiri wa dhati havipingani. Kauli ya kutendeka, jina la mhusika, mfululizo wa majaribio na sharti la kafara ni mambo yanayoonekana wazi katika riwaya, na mwanafunzi wa Singida anaweza kuyafikia kwa kutumia pia maarifa ya lugha na ngano aliyotoka nayo nyumbani. Kinachohitajika ni kurejesha kitabu mahali pa kitini na kuanza na neno kabla ya dhamira. Riwaya inayouliza kwa kigezo gani mtu huitwa mjinga au mwerevu inastahili kusomwa na kila anayetahiniwa kwayo, kwani swali lake linamhusu yeye mwenyewe.