Naguru, Kampala: kilima cha nyaraka, na kwa nini ubalozi ni mlango wa mwisho

Kwa Mswahili aliyefika Australia kupitia Uganda, Naguru si jina geni. Ni kilima kilicho mashariki mwa Kampala, katika divisheni ya Nakawa, kikitazamana na kilima cha Kololo. Katika barabara ya Katalima yako makao makuu ya Polisi ya Uganda, na Naguru hiyohiyo ndiko iliko ofisi ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Ukivuka barabara ya Lugogo Bypass na kuingia Kololo, utakutana na bendera za mataifa mbalimbali, ikiwemo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ubalozi wake uko katika barabara ya Philip.

Watu hupanda vilima hivi viwili wakiwa na bahasha mkononi. Baadhi yao hurudi na walichokifuata. Wengine huambiwa waanze upya, na mara nyingi si kwa sababu karatasi zao ni za uongo, bali kwa sababu walianzia mahali pasipostahili.

Kwa nini aliyekwisha kuhama bado anaihitaji Naguru

Chukua mfano wa mama aliyekimbia Bukavu, akaishi Katwe jijini Kampala kwa miaka minane, kisha akahamia Melbourne. Leo anataka kumleta mumewe aliyebaki Uganda. Kwa viza nyingi za kudumu, Australia humtaka mwombaji awasilishe cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi kwa jumla ya miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, ikihesabiwa tangu alipotimiza umri wa miaka 16. Hivyo mume huyo, ingawa ni Mkongo, atahitaji cheti cha tabia njema kutoka Uganda.

Cheti hicho hakitolewi na ubalozi wowote. Hutolewa na Polisi ya Uganda kupitia idara yake ya Interpol, baada ya mwombaji kujaza fomu kwa njia ya intaneti, kulipa ada na kuchukuliwa alama za vidole. Australia nayo haina ubalozi Kampala. Shughuli zake za Uganda husimamiwa na ubalozi wake ulioko Nairobi. Anayezunguka Kololo akitafuta bendera ya Australia anapoteza nauli ya bodaboda.

Ubalozi ni mlango wa mwisho

Kanuni ya kwanza ni kwamba hati husafiri kwa ngazi. Hati iliyotolewa Uganda na inayokusudiwa kutumiwa katika nchi nyingine huanza kwa aliyeitoa. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo hutoka kwa Mamlaka ya Taifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA. Usajili wa ndoa uko chini ya ofisi iitwayo URSB. Vyeti vya mitihani ya shule huthibitishwa na baraza la mitihani, UNEB.

Ngazi ya pili ni Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo huthibitisha kwamba mhuri na sahihi iliyo juu ya hati ni ya ofisi halali. Ngazi ya tatu, pale nchi inakokwenda hati inapodai hivyo, ndipo ubalozi wa nchi hiyo huweka muhuri wake. Afisa wa ubalozi hana uwezo wa kujua kama cheti kilichotoka wilayani ni cha kweli; anachokijua ni sahihi ya wizara. Akikataa hati isiyopita wizarani, hafanyi hivyo kwa chuki. Hana tu msingi wa kuikubali.

Kanuni ya pili inahusu majina. Mkongo kwa kawaida ana majina matatu, wakati fomu nyingi za Afrika Mashariki na za Australia zina nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo tu. Matokeo yake ni kwamba jina la kati huachwa kwenye karatasi moja, likageuzwa kuwa jina la ukoo kwenye ya pili, na kuandikwa kwa herufi tofauti kwenye ya tatu. Machoni pa afisa asiyemjua mwenye hati, hao ni watu watatu. Kabla ya kwenda popote, pangeni hati zote mezani na kuzilinganisha herufi kwa herufi, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Kosa likionekana, lisahihishwe katika ofisi iliyolifanya, au mwombaji aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina hayo yote ni yake.

Kanuni ya tatu ni kalenda. Ubalozi hufuata sikukuu za nchi mbili, yake na ya nchi mwenyeji. Ubalozi wa Kongo ulioko Kampala una sababu ya kufunga tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo, na pia tarehe 9 Oktoba, siku ya uhuru wa Uganda.

Tahadhari kwa mkimbizi

Hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote, na ndipo wengi huteleza bila kujua. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Australia ilijiunga nao mwaka 1954 na Uganda mwaka 1976, unasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba hadhi ya ukimbizi inaweza kukoma endapo mtu atajirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake. Kuomba pasipoti kwenye ubalozi wa nchi uliyoikimbia kunaweza kuhesabiwa kuwa ni dalili ya jambo hilo.

Kwa hiyo, mkimbizi anayetaka kusafiri asikimbilie ubalozi wa nchi yake kwa sababu tu jirani alifanya hivyo na hakupatwa na lolote. Kifungu cha 28 cha mkataba huo kinaelekeza nchi iliyompokea impe hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kifungu cha 25 kinaitaka imsaidie kupata nyaraka ambazo kwa kawaida angezipata kwa serikali yake. Aliyeko Australia kwa viza ya ulinzi naye amuone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Raia wa Kenya au Tanzania ambaye si mkimbizi hana kizuizi hicho: ubalozi wa nchi yake ndipo mahali pake halali pa kuomba pasipoti.

Mtaa uliowahi kuwa wa wahamiaji

Anayesubiri karatasi hupata saa nyingi za kuutazama mtaa. Ukishuka kutoka Naguru kuelekea barabara ya Jinja, unapita jirani na ardhi iliyowahi kubeba nyumba za wafanyakazi, Naguru na Nakawa, zilizojengwa na serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti humo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Aliwakuta Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya wakiishi mlango kwa mlango na watu wa makabila mengi ya Uganda, na Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha.

Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Watu waliokuwa majirani kwa miaka mingi wakawa wageni kwa amri moja. Nyumba zenyewe zilibomolewa Julai 2011 ili kupisha mradi wa mji mpya, na ardhi ikakaa wazi kwa miaka mingi.

Hata hivyo, Kiswahili hakijaondoka kilimani. Tangu enzi za ukoloni kimekuwa lugha ya polisi na jeshi nchini Uganda, na bado husikika kambini. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mzee wa Kikongo asiyejua Kiingereza wala Kiganda hana haja ya kuona haya kumsalimu askari wa getini kwa Kiswahili na kuuliza njia.

Historia ya mtaa huu ina funzo kwa kila mhamiaji. Waliofukuzwa mwaka 1970 walikuwa na kazi na majirani. Walichokosa ni hati ya kuwatetea. Basi mwenye ndugu anayepanda Naguru leo amsaidie kutoka huku: amtumie nakala za hati zilizo sahihi, amkumbushe ngazi zilivyo, na amwambie abaki na nakala ya kila karatasi anayoikabidhi dirishani.