Tuna sarafu ya nani mfukoni?

Katika sura ya 22 ya Injili ya Mathayo, Yesu anaulizwa swali la mtego: ni halali kumlipa Kaisari kodi? Jibu lake twalijua sote. Tunalosahau ni kwamba, kabla ya kujibu, aliomba aonyeshwe sarafu ya kodi. Hakuitoa yeye. Waliitoa wale wale waliokuja kumtega. Sura ya Kaisari ilikuwa tayari mikononi mwao.

Wengi hudhani dini inachanganywa na serikali pale padri anapokemea ufisadi akiwa mimbarini. Sivyo. Nabii Amosi aliukemea ufalme wa Israeli kwa kuwakanyaga maskini. Aliyemfukuza Betheli hakuwa askari, alikuwa kuhani Amazia, na sababu aliyotoa ni kwamba pale palikuwa patakatifu pa mfalme. Nyumba ya Mungu ilikwisha kuwa mali ya ikulu, na neno la Mungu halikuwa na nafasi tena ndani yake. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Nchi ndugu ya Rwanda iliionja hatari hiyo. Kwa miaka mingi, Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya MRND, chama pekee kilichotawala. Roma ilimtaka ajiondoe, na hatimaye akajiondoa, lakini mazoea yalikuwa yameota mizizi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, watu walikimbilia makanisani: Ntarama, Nyarubuye, Nyange. Wakauawa humo humo.

Sisemi kwamba kiti kimoja katika kamati ndicho kilicholeta maafa yale. Tena wapo mapadri, watawa na walei waliokufa wakiwaficha jirani zao, na askofu mkuu mwenyewe aliuawa Juni mwaka huohuo. Lakini saa ambayo taifa lilihitaji Kanisa liseme "hapana" kwa sauti kuu, sauti hiyo ilikuwa dhaifu. Machi 20, 2017, mbele ya Rais Paul Kagame kule Vatikani, Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Miaka 23 ilikuwa imepita.

Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 285, inamkataza padri kushika wadhifa wa kiserikali. Na ndiyo maana Katiba yetu ya 2010, ibara ya 8, inasema Kenya haitakuwa na dini ya taifa. Serikali ikivaa kanzu ya dini moja, raia wa dini nyingine anageuka mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Hapa kwetu mara nyingi jambo hili haliingii kanisani kwa njia ya vyeo. Huingia katika bahasha. Novemba 2024, Rais William Ruto alitoa mchango wa mamilioni ya shilingi katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wameikosoa serikali yake hadharani. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe.

Wapo waliouliza: "Padri, nyumba ya mapadri itajengwa na nani?" Ni swali la haki, kwa maana parokia nyingi ni maskini. Lakini wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayekujengea paa hutarajia umsifu, nawe ukishamsifu leo, kesho utamkemeaje dawa zikikosekana hospitalini? Kanisa la mabati lenye ulimi huru linamfaa maskini kuliko kanisa la marumaru lililofungwa mdomo.

Uchaguzi wa 2027 unapokaribia, halmashauri za parokia na zikubaliane mapema. Mwanasiasa ni mwana wa Mungu kama wengine, karibu asali. Akae kwenye benchi kama muumini, atoe sadaka yake kikapuni bila kutangazwa, kipaza sauti kibaki kwa Neno la Mungu. Nasi tuendelee kuwaombea viongozi wetu kila Jumapili, maana sala hailipiwi, na anayeomba bila kulipwa anaweza pia kukemea bila woga.