Rangi ya Sufuriani, Ndege wa Porini

Katika maduka ya vifaa vya uvuvi huko Ulaya na Marekani, kuna pakiti za manyoya laini ya kila rangi ambazo hununuliwa na mafundi wa kufunga nzi wa bandia, yaani vile vidudu vya manyoya na uzi vinavyovishwa ndoano ili samaki ahadaike. Pakiti hizo zimeandikwa jina la marabou. Jina ni la ndege wetu, yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni ambaye Kampala humwita kaloli na humkuta kila siku akichakura majalalani. Manyoya yake meupe ya chini ya mkia yaliwahi kuwa biashara kubwa ya mapambo ya kofia na nguo za mabibi wa Ulaya. Leo ukifungua pakiti hukuti humo unyoya wa kaloli. Unakuta unyoya wa bata mzinga wa kufugwa, aliyechinjwa kwa ajili ya nyama, kisha manyoya yake yakaoshwa na kuchovywa rangi. Jina limebaki, ndege amepona. Hapo ndipo penye hoja: sheria na huruma vilisaidia sana kumtoa ndege wa porini sokoni, lakini kilichojaza nafasi yake ni sufuria ya rangi, na sufuria hiyo inaweza kukaa juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, katika ua wowote wa mtaa wa Kinanira, Bujumbura.

Tazama kilichotokea pale ambapo watu waliikataa sufuria. Mwaka 1895, Mwingereza George Kelson alichapisha kitabu chake cha nzi wa samoni, na ndani yake aliagiza manyoya ya ndege wa misitu ya mbali kana kwamba anaagiza chumvi na pilipili. Samoni hajawahi kuishi na ndege hao, wala hajui thamani yao. Ulikuwa ufahari wa mvuvi, haukuwa mahitaji ya samaki. Uingereza ilikuja kupiga marufuku uingizaji wa manyoya ya ndege wa porini mwaka 1921, baada ya miaka mingi ya kelele za wanawake walioanzisha chama cha kutetea ndege mwaka 1889. Hata hivyo tamaa ya manyoya halisi haikufa. Juni 2009, mpiga filimbi Mmarekani aitwaye Edwin Rist aliingia usiku katika jumba la makumbusho la Tring, karibu na London, akaondoka na ngozi 299 za ndege, nyingine zikiwa zimekusanywa na mtaalamu Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Zilikuwa za kuuzia mafundi wa nzi wa Kelson. Nyingi ziling'olewa vibandiko au zikanyofolewa manyoya, na ngozi isiyo na kibandiko cha mahali na tarehe haina tena mengi ya kumwambia mwanasayansi. Wakati huohuo walikuwapo mafundi waliofunga nzi walewale kwa unyoya wa bata bukini uliotiwa rangi, na picha za kazi zao zikiwekwa kando ya za wenzao, mtazamaji wa kawaida hatofautishi.

Wapo watakaosema kwamba rangi ya Mungu haiigizwi. Kwa sehemu wana haki, na ni vyema kuwapa haki yao kabla ya kuwajibu. Buluu inayowaka ya mdiria haitokani na rangi yoyote iliyomo ndani ya unyoya. Hutokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa, ukauvunja mwanga na kuurudisha. Hakuna sufuria itakayotoa mng'ao huo. Lakini si kila rangi ya porini ni ya kudumu namna hiyo. Chukua shorobo wa msitu wa Kibira, kule juu ambako mashamba ya chai ya Rwegura yanapakana na miti mikubwa. Wekundu wa mabawa yake ni rangi ya kweli, yenye shaba ndani yake, na inapatikana kwa jamii ya shorobo peke yao. Ajabu ni kwamba maji ya magadi huichuja. Unyoya wa kuku uliotiwa rangi nyekundu kwa siki unaweza basi kustahimili sabuni kuliko unyoya wa shorobo mwenyewe. Anayemwinda shorobo kwa ajili ya wekundu wake anaua kiumbe ili apate kitu ambacho jiko lake lingempa kikiwa imara zaidi.

Uimara huo una sababu. Unyoya wa ndege, nywele za mbuzi, sufu ya kondoo na hata kucha zetu ni kitu kimoja, protini iitwayo keratini, nayo hupenda rangi zinazoshika penye asidi. Pamba na ukindu ni jamii nyingine. Ndiyo maana mtu huchukua rangi ya kutilia vitambaa vya pamba, akachemsha manyoya, akapata uchafu wa kijivu unaochuja kwenye vidole, kisha akasema kazi hii haiwezekani nyumbani. Inawezekana, tena kwa vitu vya dukani. Rangi nyingi za keki ni za jamii hiyo ya asidi. Njano iitwayo tartrazini, inayotiwa katika peremende na vinywaji, ndiyo ileile ambayo viwanda hutilia sufu. Hina nayo haihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa mtaa wa Buyenzi: inashika kwenye kucha kwa sababu inakamatana na keratini, na inakamatana vivyo hivyo na unyoya mweupe, ukageuka rangi ya kutu. Chai nzito hutoa hudhurungi ya mdudu wa mtoni. Binzari hutoa njano kali lakini jua huifukuza upesi, na maganda ya vitunguu pamoja na shabu yana subira zaidi.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni haraka, wala si rangi. Ndege hujipaka mafuta ili maji yasimwingie, na mafuta hayo yakibaki, rangi nayo haiingii. Kwa hiyo manyoya yaoshwe kwa sabuni ya vyombo, yasuuzwe, kisha yalale majini usiku kucha hadi yalowe kabisa. Maji ya rangi yawe ya moto bila kutokota, kama nyuzijoto 70 hivi. Yakichemka, unyoya hukakamaa na kujipinda. Siki hutiwa baadaye, baada ya rangi kusambaa, maana ikitangulia rangi hukimbilia manyoya ya juu na kuacha mabaka. Ngozi yenye manyoya, kama ya sungura au mkia wa mbuzi, ina masharti magumu zaidi, kwa kuwa ngozi mbichi hujikunja ikipita nyuzijoto 60 hivi, na ikishajikunja hairudi. Hiyo itiwe rangi kwa maji vuguvugu na muda mrefu. Unyoya ukishakauka juu ya gazeti, mvuke wa birika huufungua tena ukasimama kama ulivyokuwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mvuvi mwenyewe: samaki anajali rangi? Usiku, mitumbwi ya Bujumbura inapowasha taa kuwavuta samaki wadogo waitwao ndagala, rangi ina kazi ndogo, na weupe unatosha. Mchana mambo hubadilika. Samaki wengi wanaona rangi, ila maji huila nyekundu kwanza, hivi kwamba mita chache tu chini ya uso wa Ziwa Tanganyika nyekundu inaonekana kama nyeusi, huku buluu ikishuka mbali. Hilo halifuti faida ya kutia rangi. Linamwambia mtiaji achague nini. Samaki aitwaye mukeke hula ndagala, kwa hiyo unyoya mweupe wenye mgongo wa buluu hafifu una mantiki kuliko nyekundu ya kumpendeza mnunuzi.

Soko je? Wavuvi wa pwani wanaorambaza hufunga manyoya meupe au nyuzi za nailoni kwenye ndoano bila kumsubiri Mzungu. Kenya, ambako trauti waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, leo hufunga nzi wa kuuzwa Ulaya, zikiwemo bidhaa za kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill. Burundi imo katika Jumuiya hiyohiyo ya Afrika Mashariki tangu 2007. Hata hivyo sitamdanganya mtu kwamba gunia la manyoya kutoka Kinanira litavuka mpaka kesho. Mafundi wa nzi wanaoelea hutaka manyoya ya shingo ya majogoo waliozalishwa kwa kazi hiyo Marekani, na kanuni za mifugo kuhusu homa ya ndege hazina mzaha. Manyoya ya kuku wa kisasa yanafaa kwa chambo cha kuzama, kwa herini, kwa mapambo ya harusi. Ni mwanzo mdogo wenye malighafi ya bure.

Lipo suala la maji machafu, nalo Kinanira haliwezi kupuuzwa, kwani mifereji ya jiji inashuka ziwani na mji unakunywa kutoka ziwa hilohilo. Mafundi wa zamani walitumia asidi ya pikriki kupata njano ya zeituni, kitu ambacho kikikauka hulipuka. Kisitumike kamwe. Kwa rangi za keki kipimo ni rahisi: rangi ikiwa kidogo na siki ikitosha, manyoya huinywa yote na maji hubaki karibu meupe. Maji yakibaki na rangi, usiyamwage. Ongeza siki kidogo, tia manyoya mengine, ngoja. Na sufuria iliyotumika kutilia rangi, hata ikisuguliwa kwa majivu, isirudi kupikia ndagala.