Profesa Aliyewaunganisha Mafundi wa Rangi za Nguo

Kila mwenye nyumba anaijua hasara ya nguo inayochuja. Mtu hununua leso nyekundu au shati la buluu, na dukani rangi yake inapendeza macho. Siku ya kwanza ya kufuliwa maji yanageuka rangi, na shuka nyeupe zilizokuwa katika beseni hilo hilo zinatoka na mabaka. Ukimrudia mwenye duka, atakuambia kwamba si yeye aliyeitia nguo ile rangi, bali aliinunua kwa mwenye kuuza jumla. Mwenye kuuza jumla humtaja mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda humtaja yule aliyemwuzia rangi. Mtengeneza rangi naye husema rangi yake ni nzuri, ila fundi wa kiwanda hakujua kuitumia. Basi lawama inazunguka kama ng'ombe wa kinu, na mwenye nguo hapati jibu.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za chama kimoja cha mafundi kilichoundwa Marekani mwaka 1921 ili kuukata mzunguko huo, na za mtu aliyechaguliwa kuwa rais wake wa kwanza, Profesa Louis Atwell Olney.

Ili jambo hili lifahamike, inafaa kurudi nyuma kidogo. Tangu zamani za kale watu walitia nguo rangi kwa majani, mizizi, magome na wadudu. Nili, ambayo ndiyo iliyofanya kaniki kuwa kaniki, ilitoka katika mmea. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vilivyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, lakini chomboni mwake alikuta kitu kilichotia hariri rangi ya zambarau. Huo ndio mwanzo wa rangi za viwandani. Waingereza waliigundua kazi hiyo, lakini Wajerumani ndio walioitia bidii zaidi. Walisomesha wanakemia wengi, wakajenga viwanda vikubwa, na kufika mwaka 1897 walikuwa wakiuza hata nili iliyotengenezwa kiwandani, jambo lililowavunja nguvu wakulima wa nili wa Bara Hindi. Vita vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa sana ya rangi zilizotumiwa na viwanda vya nguo vya Marekani ilikuwa ikitoka Ujerumani.

Manowari za Kiingereza zikaifunga njia ya bahari, na rangi zikaadimika. Shida ilikuwa kubwa hata Wajerumani wakaunda chombo cha biashara kiendacho chini ya maji, kiitwacho Deutschland, nacho kikaibuka katika bandari ya Baltimore mwezi wa Julai 1916 kikiwa na shehena ya rangi. Hebu fikiri, msomaji, watu kupita chini ya manowari za adui ili kupeleka rangi za nguo! Lakini bidhaa ya namna hiyo haiwezi kushibisha nchi nzima. Wamarekani wakalazimika kujifunza kujitengenezea. Walipoingia vitani mwaka 1917, serikali yao ilitwaa hati za Wajerumani zilizolinda siri za kutengeneza rangi, na baada ya vita viwanda vya nchi vikapewa ruhusa ya kuzitumia.

Hapo ndipo shida nyingine ilipotokea. Viwanda vipya vilikuwa na haraka, na mafundi wengi walikuwa wakitumia rangi wasizozizoea. Rangi iliyofaa sufu ilitiwa kwenye pamba, na rangi iliyofaa pazia ilitiwa kwenye nguo ya kufuliwa kila wiki. Nguo zikachuja na kukwajuka juani, na watu wakasema kwamba rangi za Kimarekani hazifai kitu. Je, neno hilo lilikuwa kweli? Hakuna aliyeweza kulithibitisha wala kulikanusha, kwa kuwa hapakuwa na kipimo kimoja kilichokubaliwa na wote. Huyu aliloweka kitambaa chake katika maji ya vuguvugu na kusema rangi ni imara, na yule alikichemsha kwa sabuni na magadi akasema ni mbovu. Wote wawili walisema kweli.

Profesa Olney alikuwa mwalimu wa kemia na utiaji rangi katika chuo cha nguo cha Lowell, katika jimbo la Massachusetts. Aliingia chuoni hapo mwaka 1897 na kufundisha kwa zaidi ya miaka 40. Mji wa Lowell si mgeni kabisa kwetu, ingawa wengi hawalijui jina lake. Ulijengwa kando ya maporomoko ya mto Merrimack, na maji ndiyo yaliyoendesha mashine zake za kufuma. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, bandari ya jimbo hilo hilo, walileta Unguja majora ya nguo za pamba zilizofumwa katika viwanda vya sehemu hizo, na nguo hiyo ikaenea pwani na bara hata ikaitwa kwa jina la nchi yake, merikani. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, ikakatika Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865. Tena merikani ilipendwa kwa uzito na nguvu zake, wala haikuwa na rangi ya kuchuja. Pengine hiyo ni sababu mojawapo ya sifa yake.

Tarehe 3 Novemba 1921 wanakemia na mafundi wa utiaji rangi walikutana mjini Boston, wakaunda Chama cha Marekani cha Wanakemia na Watia Rangi wa Nguo, ambacho kwa herufi zake huitwa AATCC, na Olney akawa kiongozi wao.

Kukiongoza chama cha namna hii si sawa na kukiongoza chama cha wakulima wanaouza zao moja. Wakulima wa kahawa wana faida moja: bei ikipanda, wote hufurahi. Lakini chumba kile cha Boston kilikuwa na watengeneza rangi, wenye viwanda vya kufuma, waalimu na wauzaji, na wengi wao walikuwa wakishindana. Mtengeneza rangi angependa kipimo chepesi ili rangi zake zote zifaulu. Mnunuzi wa nguo angetaka kipimo kikali kupita kiasi, na mwenye kiwanda angetaka kipimo kisicho na gharama. Kila mmoja, zaidi ya hayo, ana siri za kazi asizotaka jirani yake azijue. Kiongozi akionekana kuelekea upande mmoja tu, upande wa pili huchukua kofia zake na kuondoka.

Kwa maoni yetu, chama kilifaa kuongozwa na mwalimu. Profesa hakuwa anauza rangi kwa hao waliokaa mbele yake, na vijana wengi waliokuwa wakisimamia mapipa ya rangi katika viwanda walikuwa wamepita darasani mwake. Lakini heshima peke yake haitoshi. Jambo la busara zaidi lilikuwa katika kazi yenyewe waliyojipa: chama hakikuhukumu rangi ya fulani kuwa nzuri na ya fulani kuwa mbaya. Kilitengeneza kipimo tu, kikakiandika wazi, na kumwachia kila mtu akitumie. Kitambaa cha namna moja hupelekwa kwa wapimaji wa mahali mbalimbali, kila mmoja akifuata maandishi yale yale, kisha majibu hulinganishwa. Yakiachana sana, kosa ni la kipimo, si la wapimaji, na kamati hurudi mezani. Kazi hii ni ya subira, nayo hufanywa zaidi na watu wanaojitolea wenye ajira zao mahali pengine. Tangu mwanzo Olney aliushika utafiti huo kwa mikono yake mwenyewe, wala hakuridhika na kukalia kiti cha mbele tu.

Vipimo vyenyewe ni rahisi kufahamu. Cha kusugua hutumia mashine ndogo yenye kidole kilichovikwa kitambaa cheupe, nacho kidole hicho husugua nguo ya rangi kwa mizunguko 10, kikavu kwanza kisha kibichi. Kiasi cha rangi kilichohamia katika kile cheupe hulinganishwa na kipande chenye madaraja ya kijivu, ambapo 5 ni bora na 1 ni mbaya kabisa. Katika kipimo cha kufua, vipande hutiwa katika mikebe ya chuma pamoja na sabuni na vidonge vya chuma, na mikebe huzungushwa ndani ya maji ya moto. Dakika 45 za kuzungushwa hivyo huhesabiwa kuwa sawa na kufuliwa mara tano nyumbani. Jua nalo lina kipimo chake, taa kali inayowaka saa nyingi juu ya kitambaa kilichofunikwa nusu, ili nusu iliyokingwa iwe shahidi wa hali ya kwanza.

Hata msomaji asiye na mashine anaweza kujaribu kitu kama hicho kabla ya kulipa fedha zake. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo, ukisugue kwa nguvu katika pindo la ndani la nguo mara 10. Methali isemayo kizuri chajiuza haifai katika jambo hili, kwa kuwa siku ya kununuliwa rangi zote ni nzuri. Wako pia watu wanaoloweka leso mpya katika maji ya chumvi wakitumaini kwamba rangi itashika. Chumvi huweza kuizuia rangi kidogo isitoke katika maji yale yale, lakini rangi dhaifu haiwezi kufungwa kwa chumvi, na ufuaji utakaofuata utaonyesha hivyo.

Chama cha Olney hakikuwa cha kwanza duniani. Waingereza walikuwa na chao tangu mwaka 1884, katika mji wa Bradford, nacho kilipewa hati ya kifalme mwaka 1963. Mwaka 1924 Waingereza hao walitoa kitabu kikubwa cha kuorodhesha rangi za viwandani, kila moja na namba yake, maana rangi moja ilikuwa ikiuzwa kwa majina kumi na mnunuzi akidhani ni rangi kumi. Katika orodha hiyo nili ina namba 73000, na namba hiyo haibadiliki hata mwuzaji aipe jina gani. Toleo la pili, lililoanza kutoka mwaka 1956, lilitolewa na vyama hivyo viwili kwa pamoja.

Olney hakuliona toleo hilo, kwani alifariki mwaka 1949. Mwaka 1944 wenzake walianzisha nishani ya kumtuza mtu aliyefanya kazi kubwa katika kemia ya nguo, wakaiita kwa jina lake, na wa kwanza kuvishwa akawa ni yeye mwenyewe. Mwaka 1964 makao makuu ya chama yalihamia North Carolina, ambako yangali hadi sasa, na kamati zake bado zinabishana juu ya vipimo. Kile cha kusugua kinaitwa namba 8, cha kufua namba 61, na cha mwanga namba 16, na mwenye kiwanda wa nchi yoyote akiambiwa namba hizo anajua ni kazi gani inayomngoja kitambaa chake.