Hitilafu Moja, Wapokeaji Wawili: Sajili ya Ujumbe wa Kosa katika Programu za Kuchapishia Tovuti

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za kuchapishia tovuti zinavyopaswa kuteua umbo la ujumbe wa hitilafu kulingana na anayeupokea. Suala hili huachiwa wahandisi, ilhali kiini chake ni kile ambacho isimujamii hukiita sajili: nani anaambiwa nini, na kwa lugha ipi.

Katika taaluma ya tarakilishi, "mteja" si mtu bali ni programu inayoiomba seva kitu. Tuchukulie tovuti inayotangaza bei za mifugo. Mfugaji wa Tuala, Kaunti ya Kajiado, anaifungua kwa kivinjari cha simu yake. Wakati huohuo, programu nyingine inachota bei zizo hizo ili izionyeshe kwingineko. Ukurasa ukikosekana, mfugaji anahitaji sentensi anayoielewa, nayo programu inahitaji data iliyopangwa, aghalabu katika umbo la JSON. Programu ikipelekewa ukurasa uliorembwa kwa ajili ya macho ya binadamu, itashindwa kuuchanganua. Mfugaji naye akimwagiwa mabano na alama za nukuu, atadhani simu yake imeharibika.

Je, seva humtambuaje mpokeaji? Ombi huweza kubeba kichwa kiitwacho Accept, kinachotaja umbo linalotakiwa, na kingine kiitwacho Accept-Language, kinachotaja lugha. Kiswahili huwakilishwa na herufi sw. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni mfano mwafaka: amri yake iitwayo wp_die hupima aina ya ombi, kisha hutoa kosa kwa HTML, JSON au XML.

Hata hivyo, namba ya hali haipaswi kubadilika kwa kumfuata mpokeaji. 404 ni kitu kisichopatikana, 403 ni kukatazwa, 500 ni hitilafu ya seva yenyewe. Zipo tovuti zinazorudisha 200, yaani "sawa", pamoja na maneno ya kuomba radhi. Huko ni kuihadaa programu, ambayo huenda ikayahifadhi maneno hayo kana kwamba ni bei ya mbuzi.

Kiwango cha RFC 7807 cha mwaka 2016, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na RFC 9457 mwaka 2023, kinaupambanua vyema mgawanyo huu. Sehemu ya type hukitambulisha kosa kwa programu, nayo haitafsiriwi. Sehemu ya title ni muhtasari wa kusomwa na binadamu, nao waweza kutafsiriwa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Jina la Kiingereza la kosa la 400 likitafsiriwa neno kwa neno, tunapata "Ombi baya". Kwa msomaji wetu hiyo ni lawama, kama kwamba ameomba lisilo la heshima, hatajaribu tena. Afadhali aambiwe: "Hatukuielewa tarehe uliyoandika. Tafadhali andika siku, mwezi na mwaka." Namba ibaki 400 kwa ajili ya programu, sentensi imwelekeze mtu la kufanya. Kazi hiyo ya pili ni ya wanalugha, na tusipoifanya, mashine itaendelea kumlaumu mfugaji kwa lugha yake mwenyewe.