Rosa Mistika: Riwaya ya likizo isiyosahaulika

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, wanafunzi wa Kerende, kijiji kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara wilayani Tarime, husaidia shambani na kuangalia mifugo. Kazi za asubuhi zikiisha, saa za mchana husalia nyingi. Ni hapo ambapo riwaya moja nzuri huweza kumfanya mtu asahau hata kuitwa chakula.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, riwaya inayostahili kutangulia ni Rosa Mistika ya marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Si ndefu, msomaji wa kawaida huimaliza kwa siku mbili au tatu.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kufariki dunia Januari 2020. Namagondo ndiko nyumbani kwa Rosa, binti wa Zakaria, baba mlevi anayedhani kwamba kiboko kinatosha kuwa malezi. Anapogundua kuwa bintiye ameandikiwa barua na mvulana, anampiga vibaya. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa lolote kuwahusu, na anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, woga huo haumsaidii. Yanayofuata tunamwachia msomaji.

Kwa kueleza waziwazi mambo ya mapenzi, wakiwamo walimu wanaowarubuni wanafunzi wao, kitabu hicho awali kilipigwa marufuku shuleni. Baadaye kilikubaliwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kiada vya sekondari, Tanzania na Kenya.

Wilayani Tarime kisa hicho hakisomwi kama habari za zamani. Kwa baadhi ya koo za Wakurya, Desemba ni msimu wa tohara. Ingawa sheria ya mwaka 1998 iliharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18, wapo ambao likizo ikianza hulazimika kukimbilia nyumba salama, wakihofia uamuzi uliokwisha kupitishwa na wazazi wao. Rosa hakukabiliwa na ngariba, lakini naye aliamuliwa kila jambo bila kuulizwa.

Mzazi asiye na mazoea ya kusoma riwaya si lazima aisome yote kwanza. Kisa cha barua na kipigo kimo katika kurasa za mwanzo, na bintiye anaweza kumsomea jioni moja.