Semina kwa milioni 15, usimamizi kwa milioni 7

Chukua watoa huduma 30 wa wilaya moja ya Tanzania: wauguzi wa afya ya akili, maafisa ustawi wa jamii, washauri nasaha wa kliniki ya methadoni na waelimishaji rika ambao wenyewe walishapitia uraibu. Waite mjini kwa semina ya siku tano. Tangu Julai 2022, kiwango cha chini cha posho ya kujikimu kwa mtumishi wa umma anayesafiri ndani ya nchi ni shilingi 100,000 kwa siku, kutoka 80,000. Tukiwahesabu wote kwa kiwango hicho, posho peke yake inafika shilingi milioni 15. Ukumbi, chai, nauli na malipo ya mkufunzi bado havijaguswa.

Fedha hizo hupatikana, maana semina ina picha ya pamoja, vyeti na idadi ya kuandika kwenye ripoti. Kinachokosa fungu ni usimamizi wa kuanzia Jumatatu, mtu anaporudi kituoni na kukuta foleni ileile.

Hapa sizungumzii ukaguzi. Ukaguzi upo na kila mtu wa kituoni anaujua: gari la halmashauri linaingia, kitabu cha wageni kinasainiwa, rejista za takwimu za afya (MTUHA) zinapekuliwa, dawa zilizoisha zinaorodheshwa, gari linaondoka. Usimamizi wa kitaalamu ni muda uliopangwa ambapo mtoa huduma anakaa na mwenye uzoefu zaidi na kuifungua kazi yake yenyewe. Mteja wa methadoni, tuseme, amepotea siku kadhaa, kisha anarudi na alosto, yaani mateso ya kukosa dawa, akidai dozi yake ya zamani. Mwili umeshaanza kuisahau dozi hiyo, na kumpa kwa huruma kunaweza kumuua. Mshauri alikataa, akatukanwa mbele ya foleni, na usiku hakupata usingizi. Msimamizi hamsomei mwongozo. Anamuuliza: ulimwambia maneno gani hasa? Yeye akajibuje? Haya, mimi ndiye yeye, niambie tena. Dakika 20 zinaishia kwenye sentensi mbili tatu, na huenda hizo ndizo zitakazomfanya mteja arudi kesho.

Je, usimamizi huu unafaa kulipiwa? Mwaka 2004 William Miller na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wataalamu 140 wa uraibu waliokuwa wakijifunza usaili wa kuhamasisha, mbinu ya mazungumzo inayomsaidia mteja kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika. Baadhi walipata warsha ya siku mbili basi. Wengine waliongezewa mrejesho juu ya kazi yao iliyorekodiwa, au maelekezo kwa simu, hadi mara sita za kama nusu saa, au vyote viwili. Warsha iliinua ujuzi, lakini waliobaki na warsha tupu walianza kuupoteza. Na wateja walibadilika namna ya kuzungumza pale tu mtoa huduma wao alipopata mrejesho pamoja na simu. Jumla ya simu hizo ni kama saa tatu kwa mtu.

Turudi kwa watu wetu 30. Huduma ya tiba ya mazungumzo ya serikali kule Uingereza inataka saa moja ya usimamizi kila wiki kwa kila mtaalamu. Tukiiga hivyo kwa wiki 46 za kazi, tunahitaji saa 1,380. Mwaka wa kazi wa mtu mmoja, saa 40 kwa wiki, ni saa 1,840. Kwa hiyo robo tatu ya mtaalamu mzima ingemezwa na watu 30. Hakuna mganga mkuu wa wilaya atakayekubali, na mimi nisingemlaumu.

Njia ya vikundi ni nyepesi zaidi. Gawa watu 30 katika vikundi vitano vya sita sita, kila kikundi kikutane saa mbili, mara 24 kwa mwaka. Hivyo ni vikao 120, saa 240 za msimamizi, asilimia 13 ya mwaka wake. Mlipe kila kikao shilingi 60,000, sawa na kiwango cha juu cha posho ya muda wa ziada kilichowekwa mwaka huohuo wa 2022, na gharama inakuwa milioni 7.2. Ni chini ya nusu ya posho za semina, na inalipia mwaka mzima.

Ila bei hiyo ina sehemu iliyofichwa. Watu 30 wakikaa saa 48 kila mmoja, wateja wanapoteza saa 1,440 za huduma, asilimia 2.6 ya muda wote wa timu. Tena katika kikundi cha sita fungu la kila mtu ni saa nane tu kwa mwaka. Chama cha washauri nasaha cha Uingereza, BACP, huwataka wanachama wake wenye ithibati wapate angalau saa moja na nusu kwa mwezi, yaani 18 kwa mwaka. Sisi tungeanza na chini ya nusu ya hapo. Wapo watakaosema kikundi cha WhatsApp kitaziba pengo bila gharama. Kwa kupanga ratiba, sawa. Kesi ya mteja wa mtaa ambao kila mtu anafahamiana haina nafasi mle.

Hesabu hubadilika sura tukitoka wilayani. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Tuseme kila mmoja wao apewe na jukumu la kumsikiliza mwenye sonona au mraibu wa mtaani kwake. Kwa vikundi vya sita tunapata vikundi 22,882, na saa za usimamizi takriban milioni 1.1, kazi ya wataalamu 597 wasiofanya kingine chochote. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2020, kanda ya Afrika ilikuwa na kiwango cha kati (mediani) cha wafanyakazi 1.6 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000. Kizidishe kwa watu 61,741,120 wa sensa ya 2022 na unapata kama 988, wauguzi wakiwamo. Hicho ni kiwango cha kanda nzima, hakikusudiwi kuwa hesabu ya Tanzania, lakini kinaonyesha ukubwa wa pengo: zaidi ya nusu yao wangeacha wagonjwa ili wasimamie.

Ndiyo maana miradi ya ukanda huu imekuwa ikijenga ngazi. Katika utafiti wa tiba ya watoto yatima 640 wa Moshi na Bungoma, uliochapishwa 2020, washauri hawakuwa wataalamu wa akili; walisimamiwa na wenyeji waliotangulia kujifunza, na hao nao waliongozwa na wataalamu. Tukiweka ngazi kama hiyo kwenye hesabu yetu, msimamizi mmoja kwa vikundi vitano, tunahitaji wasimamizi 4,577. Nao wakutane sita sita na mtaalamu kwa saa mbili kila mwezi: saa 18,312, kazi ya wataalamu 10. Kutoka 597 hadi 10.

Wapangaji hupenda kusimama hapo. Lakini zile saa milioni 1.1 hazijaenda popote. Zimehamia kwa muuguzi, tabibu na afisa ustawi wa kituo, kila mmoja akibeba 240. Kwa wiki ni kama saa tano na dakika chache. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka kuanza mwezi ujao hahitaji kusubiri mfadhili kwa milioni 7.2. Anahitaji kufuta nusu siku ya muuguzi wake bora kwenye ratiba, kila wiki, na kuandika jina la atakayeshika zamu hiyo.